Maoni Yanayosubiri

2 Juni

Mwanangu mpendwa,

Kwa heshima na masikitiko, na baada ya kushauriana kwa kina na nafsi yangu, natangaza rasmi kwamba baba yako amepewa notisi ya kuhama. Usishtuke, si nyumba wala karakana. Ni blogu. Wale wenye tovuti ninayoiandikia bure miaka tisa sasa wameniletea ujumbe wa mistari minne: tarehe 30 mwezi huu wanafunga, kila kitu kitafutwa, asante kwa kuwa nasi. Mistari minne kwa miaka tisa. Hata mteja akija na hasira kuulizia cherehani yake huwa nampa maneno zaidi ya hayo.

Hujambo lakini? Kompyuta za maktaba zinakutii? Na kile kifua kimepona? Sisi wazima. Goti la mama yako bado linasumbua kwenye ngazi, ila mwenyewe halalamiki, kwa hiyo kazi ya kulalamika nimeichukua mimi.

Sasa shida yangu. Nimeambiwa nitafute programu nyingine ya kuendeshea blogu, niwe na tovuti yangu binafsi, yenye jina langu juu. Nimeingia mtandaoni kutafuta. Mwanangu, programu hizo ni nyingi kuliko aina za sindano. Kila moja inasema ndiyo rahisi kuliko zote, na kila moja ina picha ya kijana anayecheka akiwa ameshika kikombe. Nimezitazama asubuhi nzima na nilichokichagua mwishowe ni kikombe.

Nina makala 214 kuhusu cherehani, na chini ya makala hizo maoni ya wasomaji. Nisaidie. Ningekupigia simu, ila ukiwa kazini hushiki, na ukishatoka kazini mimi huwa nimeanza kusinzia katikati ya sentensi.

Baba yako

4 Juni

Shikamoo Baba,

Nimecheka, halafu nikaangalia kalenda, nikaacha kucheka. Siku ishirini na sita si nyingi. Kifua kimepona. Mwambie Mama aweke mguu juu ya mto anapokaa, na wewe umpishe kile kiti kizuri.

Kwa ufupi, njia ni tatu. Ya kwanza unalipia kila mwezi na wenyewe wanakutunzia kila kitu, ila siku wakiamua kufunga tunarudi hapahapa. Ya pili ni programu unayoisimika kwenye seva ya kukodi. Ina makala, picha, maoni, kila kitu, lakini inataka kusasishwa mara kwa mara kama mtoto wa kubadilishwa nepi, na usipoisasisha wezi wanaingia. Ya tatu ndiyo ninayoipenda mimi: unaandika makala kama mafaili ya maandishi matupu, programu inayageuza kuwa kurasa, basi. Hakuna kitu cha kuharibika. Miaka thelathini ijayo faili bado litafunguka.

Tuchukue ya tatu. Haina sehemu ya maoni, lakini kusema kweli, Baba, nusu ya maoni yako ni watu wanaouza dawa za nywele. Jumamosi nitapakua makala zote nianze kuzipanga. Wewe kazi yako ni kutogusa kitu.

Binti yako

5 Juni

Marahaba mwanangu,

Usipakue kwanza. Hiyo ya tatu siitaki, na si ubishi wangu wa kawaida.

Unasema nusu ya maoni ni wauza dawa. Kweli. Na robo nyingine ni yule bwana anayeniuliza bei ya mkanda kila mwezi kana kwamba mkanda huo ni wa dhahabu. Lakini yuko mmoja anayejiita Mpita Njia. Alianza mwaka jana. Hanisalimii, hanisifu. Huandika mstari mmoja wa kunisahihisha, akaenda zake. Mwezi wa pili niliandika jinsi ya kulegeza skrubu ya kifuko cha bobini, ile inayokaza uzi wa chini, naye akaweka chini yake: "Umekosea. Si punje tatu, ni mbili."

Punje, mwanangu. Umekulia karakanani, unajua. Hakuna kitabu cha cherehani kinachopima skrubu kwa punje. Kipimo hicho nilikitunga mimi, upana wa punje moja ya mchele kwenye ukingo wa skrubu, na nimewafundisha watu wawili tu. Mmoja ni wewe, na hukuwahi kukijali.

Ni mdogo wako. Mwaka wa tatu huu hapigi simu, hatujui anafanya kazi wapi, na mama yako ameshaacha kuniuliza. Pale chini ya makala zangu ndipo mahali pekee ninapojua kwamba yu hai na bado ananiona mjinga. Sijamwita kwa jina. Naogopa akijua kwamba nimemjua, atanyamaza. Huwa namjibu tu, "Asante ndugu msomaji, nimerekebisha." Wakati mwingine, na hili likae kati yetu, huwa nakosea makusudi.

Kwa hiyo nitafutie programu yoyote ile, mbaya, ghali, ya kubadilishwa nepi, mradi iwe na mahali pa yeye kuniambia nimekosea.

Baba yako

8 Juni

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma kazini, nikaenda kusimama stoo katikati ya masanduku ya karatasi mpaka nikaweza kurudi mezani. Mwaka mzima unajua pa kumpata na hukuniambia. Haya. Nimelimeza, lakini bado liko kooni.

Tunachukua ya pili. Nimeshakodi seva, nimeisimika programu, na maoni yote ya zamani yatahamishika pamoja na makala. Nimekutengenezea akaunti, nenosiri nakutumia kwa simu. Utaona orodha ya makala, kila moja na kisanduku mbele yake. Unaweka alama kwenye zile unazotaka zihame, unabonyeza Hamisha. Kisha weka tangazo kwenye blogu ya zamani lenye anwani mpya, ili asipotee njia.

Nina masharti mawili. La kwanza, upande wa kushoto utaona vinambari vyekundu. Usiviguse. Ni programu inayodai kusasishwa, na mara ya mwisho ulipogusa kitu chekundu, simu ya Mama iliongea lugha tusiyoijua wiki nzima. Mimi nitakuwa naingia kila Jumapili kuvishughulikia.

La pili. Ile makala yako ya "Fundi Mafuta" usiiwekee alama. Unajua na mimi najua kwa nini mdogo wangu aliondoka. Alijaza mafuta kupita kiasi kwenye mashine ya mama wa sare, yule mshonaji wa sare za shule, mashati yakaharibika, wewe ukaandika utani, watu wakacheka mpaka wakaanza kumwita hivyo dukani na kituoni. Wateja wakawa wanasema, "Yangu asiiguse Fundi Mafuta." Kosa la siku moja ukalifanya jina. Tarehe 30 makala hiyo itajifuta yenyewe. Huhitaji kuomba radhi wala kueleza. Iache tu. Sijui kama kuna jambo rahisi kuliko hilo.

Binti yako

16 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na pole kwa kilichokukaa kooni.

Tumehama. Zoezi lilichukua siku tatu, nikiwa nimevaa miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine juu yake kwa usalama. Makala zimefika, picha zimefika, hata wauza dawa za nywele wamefika salama na familia zao. Juu kabisa kumeandikwa jina langu kwa herufi kubwa kiasi kwamba mama yako aliuliza kama nagombea kitu.

Ile ya mafuta nimeiacha kulekule. Usiwe na wasiwasi.

Nenosiri nimelibadilisha, maana uliniambia siku nyingi kwamba yale ninayoweka mimi hata kuku angeyakisia. Hili jipya ni gumu kwelikweli. Nitakutumia nikipata nafasi. Wiki hii kuna mashine tano za kushonea viatu mezani na zote zinaniangalia.

Tangazo la kuhama nimelibandika kwenye blogu ya zamani. Saa hiyohiyo jioni Mpita Njia aliandika chini yake neno moja: "Nimeona."

Baba yako

12 Julai

Mwanangu,

Hamjambo huko? Najua wiki hizi mmekuwa mkihamisha kompyuta zenu ghorofa ya pili, mama yako aliniambia. Sisi hatujambo, ila mimi silali vizuri, na nimeona niseme.

Blogu ya zamani ilifungwa siku ileile waliyoisema. Tangu hapo Mpita Njia hajaonekana. Siku kumi na mbili. Mwanzoni nilisema labda ana kazi nyingi. Nikaandika makala ya kumchokoza, nikasema sindano inaweza kufungwa upande wowote. Kimya. Nikaandika kwamba mkanda ukiteleza upakwe mafuta. Mwanangu, mkanda upakwe mafuta. Bwana wa bei ya mkanda mwenyewe alinipigia simu kuniuliza kama naumwa. Mpita Njia, kimya.

Programu hii uliyonichagulia ina nini? Labda haimpokei. Labda inamtaka aandike barua pepe yake, na yeye hapendi kujitaja. Nimefanya kila ulichoniambia. Hata kinambari chekundu kilianza na moja, sasa kimefika sita, na sijakigusa.

Kama tungechukua ya kwanza, ile ya kulipia, pengine ningekuwa bado na mwanangu. Nisamehe kwa kusema hivyo. Nimeshaliandika, na kulifuta sijui.

Baba yako

14 Julai

Shikamoo Baba,

Sitajibu hilo la mwisho.

Kwanza, nimejaribu kuingia Jumapili tatu mfululizo na nenosiri lako jipya hukunitumia. Nikafikiri umesahau. Leo nimeingia kwa mlango wa mbele kama msomaji yeyote, nikaandika neno "mafuta" kwenye kisanduku cha kutafutia. Ya kwanza kutokea ni "Fundi Mafuta". Picha zake zote zipo. Hata ile ya shati.

Baba, ulisema umeiacha.

Pili, niambie kinambari hicho kiko mbele ya neno gani. Kama ni "Masasisho", sawa. Kama ni "Maoni", basi si programu inayodai kitu. Ni watu walioandika na wanasubiri uwaruhusu waonekane. Programu hii humshikilia kila mgeni mpaka mwenye tovuti akubali, na yeye amekuja bila akaunti, kwa hiyo ni mgeni. Nilipaswa kukueleza na sikukueleza. Nilikukataza rangi nzima. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini la makala ni lako. Fungua usome. Usinipigie simu, simu yako hukatika pale unapotaka ikatike. Niandikie.

Binti yako

18 Julai

Baba, shikamoo.

Leo siku ya nne. Mama anasema unakwenda karakanani asubuhi kama kawaida lakini akipita nje hasikii mashine. Niandikie hata mstari mmoja. Sijakasirika tena. Yaani, nimekasirika, lakini niandikie.

Binti yako

23 Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Natumai u mzima. Mimi mwili haujambo.

Kinambari kilikuwa mbele ya neno "Maoni". Yalikuwa sita, yote ya kwake, kwenye ukurasa unaoitwa Yanayosubiri. Nakunakilia kama yalivyo.

Tarehe 1: "Nimefika. Panaonekana safi."

Tarehe 3: "Sindano haifungwi upande wowote. Unajua."

Tarehe 5: "Ninayoandika hayatokei. Labda ni mitambo."

Tarehe 8: "Naona ile ya mafuta umekuja nayo. Nilidhani utaiacha ifungwe huko."

Tarehe 9: "Sikutaka uniombe radhi. Nilitaka isiwepo tu."

Tarehe 11: "Sawa. Nimeelewa jibu."

Tarehe 12 ndiyo siku niliyokaa kitako kukuandikia kwamba programu yako imenipotezea mwana.

Ulitaka ukweli. Nenosiri nililibadilisha ili usiingie ukaona idadi ya makala zilizohama. Ile makala niliiwekea alama, nikaitoa, nikaiweka tena, mara nne kwa mkono wangu. Ndiyo iliyosomwa kuliko zote, mwanangu. Zile 213 nyingine zikijumlishwa haziifikii. Watu walinijua kwa hiyo. Nilijiambia nusu ya wasomaji wangu wangepotea nikiiacha, na kwamba yeye hataiona katikati ya makala mia mbili. Nikasahau kwamba yeye ndiye pekee anayezisoma zote.

Siku tisa nilizokuwa kimya, mbili nilizitumia kutafuta sentensi ya kuchekesha ya kuanzia. Sikuipata, ndipo nikajua sihitaji sentensi ya kuchekesha.

Maoni yote sita nimeyaruhusu. Yapo pale, kila mtu ayaone, nikisahihishwa na nikishtakiwa. Chini ya lile la mwisho nimeeleza kuhusu kinambari, nikamwita kwa jina lake na kutia sahihi yangu ya baba. Kizuizi cha wageni nimekiondoa. Ilinichukua asubuhi nzima na sikukuuliza, maana nilitaka nikiharibu niharibu mwenyewe. Nenosiri liko kwenye simu yako.

Mama yako nimemsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo mwaka mzima umekuwa ukiongea naye peke yako?" Hakupandisha sauti. Akaniambia nimwonyeshe pa kuandikia, akaandika kwa kidole kimoja: "Ni mama. Mimi cherehani sizijui, nimekuja kukusalimia." Tangu siku hiyo anaufungua ukurasa ule asubuhi kabla hajafungua madirisha. Mpaka ninapoandika hapa hakuna jibu. Si juu yangu kukuambia lini litakuja, au kama litakuja.

Mahali ilipokuwa makala ile nimeandika nyingine. Mama wa sare aliisoma jana. Alikuja na gari, akapakia mashine zake tatu zilizokuwa kwangu, hata ile niliyokuwa nimeifungua. Nilimsaidia kubeba. Mlangoni akaniambia, "Nilimkataza yule kijana asiguse mali yangu, na wewe ukinisikia," akaondoka. Si kwamba nataka unihurumie. Nakuambia kwa sababu wewe pia umeandika kwamba alijaza mafuta kupita kiasi, na umeandika hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyokuambia.

Yaliyotokea ni haya. Mashine ile mdogo wako aliitengeneza siku mbili. Akaisafisha, akajaza mafuta kwenye beseni la chini mpaka mstari wa juu, akafunika, akatoka kwenda kununua mkanda. Mimi nikapita. Kila kazi aliyoimaliza nilikuwa na tabia ya kuirudia nyuma yake, sijui nikitafuta nini. Nikainua kichwa cha mashine, na miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, mstari sikuuona. Nikamimina. Aliporudi alinikuta na kopo mkononi. Akaniambia, "Baba, nilishaweka." Nikamjibu, "Mafuta hayajawahi kumuua mtu."

Siku ya tatu mama wa sare akaja na mashati meupe arobaini na mawili, yote yana madoa mgongoni. Akayatupa juu ya meza na kuuliza ni nani aliyeweka mafuta. Tulikuwa watatu tu mle ndani. Mdogo wako alinitazama. Nikachukua bisibisi, nikaanza kuifuta kwa kitambaa, na ilikuwa safi. Alisubiri muda wa kutosha mimi kusema. Halafu akasema, "Ni mimi, mama. Samahani sana."

Sikumshukuru. Wiki ileile nilikaa kwenye kompyuta nikaandika "Fundi Mafuta" kwa utani wote ninaoujua, nikawa nacheka mwenyewe nikiandika. Na sikuandika kwa sababu nilisahau ni mkono wa nani ulioshika lile kopo. Niliandika kwa sababu nilikuwa nimeshaona kwamba hatanikanusha.

Baba yenu